Wiki ya fildi ya jiolojia: Chimwaga, Haneti, Kondoa, Hanang, Sekenke, na kurudi kwa njia ya Bahi

Jumapili, chuoni Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma

Basi linaondoka kesho saa 12 asubuhi. Kwenye vimbweta mazungumzo ni mawili tu: bumu la fildi (pesa ya mkopo wa mafunzo ya vitendo) limeingia au bado, na nani ana mtu wa kumshika mkono Geita. La kwanza halina jibu. La pili linawapotezea vijana muda, kwa sababu mgodi wa dhahabu ni mlango mmoja kati ya mingi. Njia ya wiki hii inapita kwenye maji ya visima, mawe ya vito, mmomonyoko wa udongo, maporomoko, misingi ya ujenzi, na dhahabu yenyewe iko Jumamosi. Mwanafunzi mwenye akili ataangalia zote.

Vifaa kwa kundi la watu watano: nyundo mbili za jiolojia, dira mbili zenye klinomita (kipima mwinamo), GPS moja na betri za akiba, utepe wa mita 30, lenzi ya ×10 kwa kila mtu, kisu, sumaku ndogo, mifuko minene ya sampuli 60, maka peni, penseli, miwani ya kinga. Nyundo ya seremala ibaki bwenini. Chuma chake hakikutengenezwa kwa kugonga jiwe, na kipande kinachoruka huenda moja kwa moja jichoni. Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku, hata kama asubuhi za Julai zina baridi ya kuvaa koti.

Asidi ya kupimia chokaa huchanganywa leo maabara, si kesho kwenye basi. Sehemu 1 ya asidi haidrokloriki kali ya maabara, isiyochanganywa bado, kwa sehemu 3 za maji hutoa karibu asilimia 10. Maji yanatangulia chomboni, asidi inafuata polepole. Ukigeuza utaratibu mchanganyiko huchemka ghafla na kukurukia. Weka kwenye kichupa cha plastiki chenye mdomo wa matone, kisha kichupa ndani ya kopo lenye mfuniko.

GPS ndiyo inayoharibu ripoti nyingi kuliko kitu kingine chochote, na kosa hufanyika kabla safari haijaanza. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zilichorwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia mahali kwenye ramani) ya Arc 1960, wakati GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS84. Tofauti ya hizo mbili huku kwetu ni kama mita 300. Ukichanganya, kijito kitapanda mlima na kisima kitaangukia katikati ya barabara. Chagueni datamu moja, iandikwe ukurasa wa kwanza wa kila daftari. Jambo la pili ni kanda ya UTM, vipande vya nyuzi 6 ambavyo dunia imegawanywa kwa ajili ya ramani: mji wa Dodoma, Kondoa na Singida ziko kanda ya 36 kusini, lakini mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita mashariki kidogo tu mwa mji. Aliyezoea kupima Mpwapwa ana GPS iliyowekwa kanda ya 37. Aibadilishe leo.

Jumatatu: Makutupora hadi Haneti

Kituo cha kwanza kiko kilomita kama 25 kaskazini mwa mji, na ndicho ningekiita muhimu kuliko vyote kwa anayetaka kazi hapa hapa makao makuu. Bonde la Makutupora limeinywesha Dodoma kwa miongo mingi kutoka kwenye graniti iliyovunjika na kuoza. Kina cha maji yake ya ardhini kimekuwa kikirekodiwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo ni nadra kwa nchi kame za Afrika. Ukiitazama kwenye grafu unaona jambo la ajabu: mvua ya kawaida haiongezi kitu cha maana. Maji hushuka, hushuka, kisha mwaka wa mvua kubwa sana kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998 yanapanda kwa mara moja. Mji unaishi kwa akiba ya miaka michache ya mafuriko.

Hapa wanafunzi hufanya saveyi ya maji kwa umeme. Vyuma vinne hupigwa ardhini kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya ndani husoma volti. Kadiri vya nje vinavyosogezwa mbali na katikati, ndivyo umeme unavyozama zaidi. Anza mita 1.5 kila upande, ongeza hatua kwa hatua hadi mita 100 au zaidi. Kina unachokisoma ni nusu ya umbali huo au pungufu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kwa mita 50 za waya kila upande amekuonea maji ya mita 80.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Kiangazi udongo ni mkavu kiasi kwamba umeme haupiti, na namba kwenye kioo zinarukaruka au zinakuwa hasi. Chimba kishimo cha kiganja, mwaga maji yenye chumvi, subiri dakika chache, piga chuma upya. La pili ni uzio wa waya au bomba la chuma linalokwenda sambamba na mstari wako, linabeba umeme wote juu juu. Geuza mstari uvuke uzio kwa pembe mraba, au hama. La tatu ni waya uliochubuka ukagusa nyasi zenye umande.

Kisha kuna mtego wa tafsiri. Graniti nzima husoma zaidi ya omu-mita 1,000 (kipimo cha jinsi jiwe linavyozuia umeme), iliyooza na kushika maji husoma kati ya makumi na mia chache. Mwanafunzi akiona namba ndogo anashangilia maji. Lakini udongo wa mfinyanzi nao husoma chini, na maji ya chumvi husoma chini zaidi. Namba ndogo sana, tuseme 5 au 8, si habari njema hata kidogo. Ndiyo maana wanaochimba visima wanamtafuta mwanajiolojia anayetembea kwanza, akaona miti, mabonde na mipasuko ya miamba, ndipo akafungua mashine.

Barabara ya kwenda Babati ni lami tupu, kilomita 251, ilifunguliwa 2018. Baada ya Mayamaya mashamba yanapungua, vilima vinaanza. Haneti jioni.

Jumanne, Haneti

Kabla ya kugonga jiwe lolote, barua. Nakala moja kwa ofisi ya kata, moja kwa mwenyekiti wa kijiji, na mtu wa kijiji wa kuongozana nanyi. Eneo hili lina leseni za watu, na kijana mwenye nyundo hatofautishwi na mwizi wa mawe. Mzee akiwakuta shambani kwake, salamu kwanza, kofia mkononi. Swali lake karibu siku zote ni lile lile: "Wajukuu zangu, mmeona nini humo?" Jibu la kweli na fupi linatosha: "Shikamoo babu, tunajifunza aina za mawe, hatuchimbi." Atakayejibu kwa mbwembwe za kitaalamu atasababisha kijiji kizima kichimbe usiku kikidhani kuna mali.

Vilima vya Haneti vina miamba ya zamani sana yenye magnesi na nikeli nyingi, iliyogeuka kuwa saapentini. Utaitambua kabla hujafika: miti michache, nyasi fupi, udongo mwekundu wa kahawia. Ukilishika jiwe linateleza kama sabuni kavu. Juu ya miamba hiyo, pale ilipooza, silika (madini yale yale ya mchanga mweupe) ilijaza nyufa na kubeba nikeli, ikawa krisopresi, jiwe la kijani ya tufaa bichi linalouzwa kwa wakata vito.

Jinsi ya kutoibiwa wala kujidanganya: kisu cha chuma kinakwaruza saapentini, hakikwaruzi krisopresi. Krisopresi inakwaruza kioo. Asidi haifanyi kitu. Kipande cha chupa ya bia kilichosuguliwa na mchanga nacho ni kijani, lakini kwenye lenzi kina viputo vya mviringo. Lenzi ishikwe karibu kabisa na jicho, sentimita 2 au 3, kisha jiwe ndilo lisogezwe. Wengi hushika lenzi mbali kama wapelelezi wa kwenye sinema na hawaoni kitu. Sampuli za krisopresi zisiachwe juani siku nyingi, rangi hufifia.

Dira inapotea Haneti. Saapentini imejaa magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku, sumaku inanata kwenye jiwe, na sindano hufuata jiwe badala ya kaskazini. Kipimo cha kujua ni rahisi: simama nukta A, soma uelekeo wa nukta B, nenda B, soma A. Namba hizo lazima zitofautiane kwa nyuzi 180. Zikipishana na hapo kwa zaidi ya nyuzi 2, dira haifai mahali hapo. Tumieni mstari wa GPS kati ya nukta mbili zilizo mbali. Nyundo nayo, ikiwa kiunoni wakati unasoma, hufanya vile vile hata kwenye graniti.

Onyo moja lisilo la utani: mishipa myeupe ya nyuzinyuzi kama pamba ngumu ndani ya saapentini ni asbestosi. Haigongwi, haikwanguliwi, haichukuliwi kama kumbukumbu.

Namba za sampuli zinaanza HN-001. Andika kwa maka peni nje ya mfuko, na kwa penseli kwenye karatasi ndani ya mfuko, maana wino wa nje hufutika kwa kusuguana garini. Kilo 2 kwa sampuli, jiwe bichi, ganda lililooza litolewe.

Jumatano, Kondoa na Kolo

Makorongo ya Kondoa ni darasa ambalo vyuo vya nchi nyingine vingelilipia. Mmomonyoko ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi. Mabishano juu ya waliohamishwa na mifugo yao hayajaisha, na mwanafunzi anayetaka kazi za mazingira ayasikilize pande zote, si kusoma ripoti peke yake.

Kazi ya leo ni kusoma ukuta wa korongo. Safisha kwa sururu ukanda wa upana wa sentimita 50, kutoka chini hadi juu, udongo mbichi uonekane. Funga utepe chini. Kila rangi, ukubwa wa punje au ugumu unapobadilika, andika kimo, kisha eleza: punje ni za duara au zina kona, mpaka ni mkali au unafifia, kuna mizizi, kuna mkaa. Mstari wa vijiwe katikati ya udongo unaonyesha uso wa ardhi wa zamani uliooshwa, vijiwe vikabaki, kisha ukafunikwa. Mkaa usiguswe kwa vidole. Utumie koleo safi na karatasi ya alumini, kwa sababu unaweza kupimwa umri.

Ukuta wa wima unaozidi kimo cha mtu haupimwi ukiwa umesimama chini yake. Angalia ufa sambamba na ukingo huko juu kwanza. Ukiwepo, hama.

Kolo mchana, baada ya kujiandikisha kwenye ofisi ya mambo ya kale na kupewa mwongozaji. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia 2006, mapango yake ni zaidi ya 150. Kijiolojia swali ni kwa nini kuna paa la kujikinga: graniti imepasuka kwa mabamba makubwa, bamba la chini likaoza na kuanguka, la juu likabaki limening'inia. Nyundo zote zibaki kwenye basi. Maji yasimwagwe ukutani ili picha "itoke vizuri". Zamani wageni walifanya hivyo, na chumvi inayobaki maji yakikauka ndiyo inayobandua rangi.

Alhamisi, Katesh

Kupitia Babati. Mlima Hanang, mita 3,417, ni volkano iliyolala. Kilele kinachukua siku nzima na si kazi ya wiki hii.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko ilikatika na tope likashuka kwa mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwanafunzi anayekuja kupima hapa anaingia kwenye msiba wa watu, kwa hiyo ruhusa ya serikali ya mtaa, sauti ya chini, na hakuna picha za kujipiga.

Kinachopimwa ni ukubwa wa mawe makubwa kabisa kumi kwenye kila kituo, na kama yanagusana au yanaelea ndani ya tope. Yakielea, mkondo ulikuwa mzito kama zege mbichi, na ndiyo maana uliweza kubeba jiwe la ukubwa wa gari. Pima kimo cha alama ya tope kwenye kingo zote mbili za kona: upande wa nje huwa juu zaidi, na tofauti hiyo hutumika kukadiria mwendo. Majivu ya volkano yaliyooza hunywa maji, huvimba, na hukatika juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji. Ramani ya mahali ambapo hilo linaweza kujirudia ni kazi ambayo halmashauri nyingi zenye milima zinaihitaji.

Ijumaa, Singida

Siku fupi. Mawe makubwa ya graniti yaliyobebana kuzunguka maziwa ya Singidani na Kindai hayakumwagwa na mtu wala mafuriko. Graniti ilipasuka kwa pande tatu, maji yakaozesha kona kwanza, ikabaki mioyo ya mviringo, udongo ukaoshwa.

Zoezi ni moja: nyoosha utepe mita 20 juu ya mwamba, kila ufa unaoukata andika umbali, straiki (uelekeo wa ufa), dipu (pembe ya mwinamo wake), upana wa uwazi, na kilichojaa ndani. Straiki inapimwa kwa ubavu wa dira ukiwa umelazwa kwenye uso wa ufa hadi kiputo kikae katikati. Dipu inapimwa kwa pembe mraba na straiki, si vinginevyo. Ukiipima kwa kuegemea upande, namba inakuwa ndogo kuliko ukweli, na daima ndogo, haikosei kwenda juu. Uso ukiwa na matuta, weka daftari gumu juu yake kwanza. Nyufa hizi hizi ndizo zinazoamua kisima kichimbwe wapi na msingi wa ghorofa ushuke kiasi gani. Kwa visima vya mkoa huu, floridi ipimwe kabla ya kumkabidhi mtu maji: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kuku wa kienyeji wa Singida jioni. Bumu likiruhusu.

Jumamosi, Sekenke

Hapa, Iramba, Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909, na dhahabu yake ilitumika kugonga sarafu ya rupia 15 yenye tembo huko Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Habari za rupia za Mjerumani zilizofukiwa hamtazikwepa, kila kijiji kina yake.

Dhahabu iko kwenye mishipa ya kwazi, jiwe jeupe gumu, inayokata miamba ya kijani ya zamani. Wachimbaji wadogo wanaifuata kwa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Mwanafunzi haingii kwenye duara. Hewa huisha bila harufu, magogo ya kuzuia kuta huoza, na bima ya chuo haikuandikwa kwa ajili hiyo. Kazi inafanyika juu, kwenye kifusi na kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.

Karai: jaza theluthi mbili, zamisha lote majini, vunja mabonge kwa vidole hadi maji yasitoke na tope, toa mawe makubwa. Tikisa kushoto na kulia kwa nguvu ndani ya maji ili kizito kishuke, ndipo uinamishe na kuacha maji yachukue cha juu. Kosa la kawaida ni kuinamisha kabla ya kutikisa, dhahabu inaondoka na mchanga. Ukibaki na kijiko cha mchanga mweusi, ukaushe, sumaku ndani ya mfuko wa plastiki ivute magnetiti. Kinachong'aa kigonge kwa ncha ya sindano: dhahabu inabonyea, pairiti (madini yanayong'aa kama dhahabu) inavunjika, maika inapasuka kuwa maganda na huogelea majini.

Zebaki, inayotumiwa kunasa dhahabu, mtaiona. Usishike, na pale inapochomwa simama upande upepo unakotoka, mbali.

Ongeeni na wenye leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania pekee, miaka 7, inahuishwa, na wengi walio nayo hawana ramani hata moja ya eneo lao. Kijana anayeweza kuwachorea mshipa unakwenda wapi na kuwachukulia sampuli kwa utaratibu ana wateja kabla hajavaa joho. Hiyo ni njia ambayo foleni yake ni fupi kuliko ya Geita.

Jumapili, Manyoni na Bahi

Baada ya Manyoni barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, na ardhi inalala bapa hadi Bahi. Mto Bubu, ule wa kutoka Kondoa, unaishia huku kwenye mbuga bila kufika baharini, na kila kilichoyeyuka mlimani kinabaki: chumvi, chokaa, na urani kidogo iliyonaswa kwenye chokaa ngumu. Tone la asidi kwenye jiwe jeupe litoe povu papo hapo. Likisita, likwaruze kisu lipate unga, jaribu tena. Likitoa povu sasa, lina dolomiti, chokaa yenye magnesi. Vumbi la njano kwenye nyufa linaweza kuwa na urani, kwa hiyo lirekodiwe na kuachwa.

Daftari zinakusanywa kwenye basi kabla ya kufika Chimwaga, zikiwa na vumbi na kufutwa kwake, maana daftari lililonakiliwa upya bwenini hugundulika haraka. Kesho kila kundi lilinganishe orodha yake na mifuko, mfuko mmoja mmoja, na kwa kila sampuli 20 litenge moja iliyorudiwa kwa namba tofauti ili maabara ipimwe bila kujua. Ramani ichorwe ndani ya wiki. Barua za kuomba nafasi kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Tume ya Madini au kwa mchimba visima wa mtaani ziende na nakala ya kurasa mbili za daftari hilo, sio GPA peke yake. Kwenye usaili mtu atafungua ukurasa wowote, aweke kidole kwenye HN-014, na kuuliza ilitoka upande gani wa kilima na kwa nini ilichukuliwa hapo.